Tangi la Chini

Nakumbuka Jumatano moja ya kiangazi, mwanangu, miaka ya themanini, nilipomwaga maji machafu mahali ambapo macho yangu yaliniambia hapana kitu. Keti nikusimulie. Aibu yangu imeshazeeka, haiumi tena.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, masomo yangu darasa la saba, ndoto zangu hazina idadi. Mzee mmoja mgeni na mkewe, watu wa kutazama ndege, waliniajiri niwapikie na kuwatunzia gari lao. Gari gani hilo! Ndani lina kitanda, jiko, bafu, hata choo. Nilijiona nimehamia Nairobi kwa magurudumu.

Tulipiga kambi kando ya mto mkavu, mbele kidogo ya Mwingi. Yule mke, niliyemwita Madam, alinionya jambo moja tu. Gari lina matangi: la juu la maji safi, la chini la maji machafu ya bafu na vyombo, na la choo peke yake, lenye dawa. "Maji ya juu, kidogo kidogo," alisema. "Ya chini tutamwaga Ijumaa, choo cha shimo, Mwingi. Si mahali ingine."

Lakini bafu lile, mwanangu! Kwetu nilioga kwa karai. Pale nilifungulia maji kichwani kama mvua, nikaimba, nikajiona bibi arusi anayengojwa Mombasa. Asubuhi naoga, alasiri naoga. Sikufikiri kwamba tangi la juu likishuka, la chini hupanda. Jumatano mchana, wenyewe wakiwa kwa ndege wao, maji machafu yakaanza kurudi kwenye sakafu ya bafu, yananuka vitunguu na sabuni.

Nikisema ukweli, nitafutwa kazi. Ndivyo nilivyowaza. Nikatazama mto: mchanga mtupu, mkavu kama unga. Mimi ni mzaliwa wa milima ya Tawa, mito yetu hutiririka. Kwangu mto usio na maji ulikuwa umekufa. Nikavuta mpira wa tangi la chini hadi mchangani, nikafungua. Mchanga ukanywa yote. Nikapiga makofi peke yangu, mjinga mimi.

Asubuhi yake akaja mama mmoja mzee na punda wake. Watu walimwita Mwaitu Kalunde, yaani mama yetu Kalunde. Hatua chache chini ya pale nilipomwaga, akaondoa matawi ya miiba, na ole wangu, palikuwa na shimo lenye maji. Kisima chake na cha majirani zake. Akamtekea punda, punda akageuza kichwa. Akanusa kata, akaniita.

"Mwanangu, njoo unywe."

"Mwaitu, mimi... sina kiu."

"Hata punda wangu leo hana kiu. Mmekuwa ndugu?"

Nikalia kabla sijajibu. Madam akatoka garini, na hapo hapo nikasema yote. Mficha uchi hazai.

"Wewe oga mara ngapi?" Madam akauliza.

"Mara mbili."

"Kwa wiki?"

"Kwa siku, Madam."

Akaenda kufungua tangi la juu ampe mama yule maji. Ukajaa mtungi mmoja na nusu, kisha bomba likakohoa, likanyamaza. Mengine nilikuwa nimeyaoga. Hapo ndipo moyo uliniuma, maana kisima kingine kilikuwa mwendo wa nusu siku, na magoti ya Mwaitu yalikuwa yamechoka.

Mwaitu hakunipigia kelele. "Mto huu umelala, haujafa," alisema. "Unatembea chini ya mchanga, polepole. Unachomwaga wewe wa juu, aliye chini atakinywa. Sasa shika koleo, twende upande wa juu wa mto, kupita uchafu wako."

Akapapasa mchanga kwa kiganja akitafuta ubaridi, akaweka alama kwa kisigino. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi niliingia mpaka mabegani. Madam na mumewe wakavuta ndoo za mchanga. Saa sita ya mchana maji yakaanza kujikusanya miguuni pangu. Mwaitu akangoja yatulie, akateka kata ya kwanza, akanipa mimi.

"Kwangu, aliyechimba hunywa kwanza."

Namshukuru mpaka leo. Angeweza kunitia aibu kijiji kizima. Alinitia maji mkononi. Hata kazi sikufutwa.

Sasa nasikia wewe na wenzako mnakodi gari kama lile. Nendeni, mwanangu, mkaone nchi. Lakini jiloweshe, funga bomba, jipake sabuni, ndipo ufungue tena. Futa sahani kwa karatasi kabla ya kuosha. Chungulia tangi la chini kila jioni, na uchafu wenu muubebe mpaka pa kumwagia, hata pakiwa mbali. Usipoona mtu, usiseme hapana mtu. Na ukikosea, sema mapema. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeungama huonyeshwa pa kuchimba.

Mungu akupe barabara nzuri na watu wa kukukanya kwa upole kama alivyonipa mimi. Na kila utakapoondoka, wanaoteka maji chini yako wabaki wakikuombea heri.