Lodwar, Kiswahili cha mtoto, na uamuzi nilioufanya peke yangu

Wakuu, salamu kwenu nyote. Nimesoma uzi wa yule ndugu anayeuliza kama ahamie na familia mji mdogo wenye chuo. Mimi nilishalipitia swali hilo. Sitaongeza chumvi, na palipo aibu yangu nitapaacha ilivyo.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa fundi wa jenereta na pampu katika chuo kidogo cha ufundi, Lodwar. Shule niliishia kidato cha pili. Mengine nilijifunza kwa vitabu, Kiswahili kikiwemo. Kamusi yangu ilikuwa imeachana na jalada lake.

Mke wangu Naliaka na binti yetu Nekesa walikuwa Kitale. Nekesa alikuwa mtoto mkimya. Mwalimu wake alishawahi kutuuliza kama anasikia vizuri.

Nikaamua waje wakae mwaka mmoja, kisha tuamue kama tunahamia kabisa.

Mimi ni mtu wa kupima mambo. Maji: yalitoka kwenye bomba la chuo asubuhi, tukajaza mitungi. Hospitali: karibu. Joto: mimi ndiye niliyelalamika, wao walitandika mkeka nje wakalala. Shule: walimu wachache, lakini wenye moyo.

Kila kitu kilipita. Kikabaki kimoja, na ndicho kilichoniharibia hesabu.

Nekesa alianza kuongea. Alikuwa anashinda laga, ule mto mkavu nyuma ya nyumba, na Akiru, binti wa jirani. Jioni anakuja mbio: "Baba, mbuzi ya kina Akiru imezaa mtoto mbili! Moja iko na sikio fupi!"

Mimi najibu: "Mbuzi wa kina Akiru amezaa watoto wawili."

Anarudia nilivyosema, polepole. Halafu habari ya lile sikio fupi inaishia hapo.

(Niseme hivi kwa msiofika kule: Kiswahili cha Lodwar ni cha watu wanaokutana njiani, kila mmoja ana lugha yake nyumbani. Wanakitumia kufika, hawakipambi. Wakati ule mimi niliita huo uharibifu.)

Siku moja nilitumwa Kakuma kutazama pampu, nikaenda nao. Sokoni kambini tulikaa kwa Mama Achol, mkimbizi kutoka Sudan ya kusini aliyekuwa akiuza chai. Kufumba na kufumbua, Nekesa yuko katikati ya Mama Achol na akina mama Waturkana waliokuja na maziwa kutoka Lopur. Kiturkana alichookota kwa Akiru anakigeuza Kiswahili huku, anatania kule. Wanawake wanacheka hadi wanashikana mabega.

Nikamsahihisha mbele yao. Ngeli ya maziwa.

Mama Achol akaweka birika chini. "Mzee, wewe nachunga maneno kama mbuzi? Wacha moja ipotee."

Walicheka wote, na Naliaka akacheka nao. Nekesa hakucheka. Aliangalia kikombe chake.

Mwaka ulipokaribia kwisha nilimweleza Naliaka hoja zangu kwa mpangilio. Mtihani wa darasa la nane hauna huruma. Mtoto akizoea kusema hivi, mlango unafungwa. Warudi Kitale, mimi nibaki na kazi.

Naliaka alikuwa anachambua mboga. "Baba Nekesa, mtoto anaongea. Kule kwetu alikuwa anaongea?"

"Anaongea vibaya."

"Anaongea na wewe."

Sikuona uzito wa neno hilo. Nikarudia habari ya mtihani. Mwishowe akasema, "Sawa. Wewe ndiye umesoma," akaendelea na mboga zake.

Siku ya kuondoka, mama yake Akiru alisimama kando ya lori amemshika Nekesa mkono. "Hii mtoto ni yetu pia. Wewe napeleka wapi?" Nikamwambia shuleni. Akasema, "Shule iko hapa," na kwa kweli ilionekana kutoka tulipokuwa tumesimama.

Wakuu, mtihani alifaulu, na Kiswahili ndilo somo lililombeba. Kwa kipimo changu, nilikuwa sahihi.

Nilikuwa narudi Kitale wakati wa likizo. Namuuliza masomo vipi, ananijibu, "Yanaendelea vizuri, baba." Hakuna kosa hata moja, na hakuna neno la ziada.

Krismasi moja nilifika bila taarifa. Nikiwa bado uani nilimsikia jikoni akimsimulia mama yake kisa fulani, sauti juu, wanacheka wote wawili. Nikaingia. Kisa kikakatika. Nekesa akainuka, akapangusa kiti kwa kanga, akanikaribisha niketi, kisha akasimama kando akisubiri kama nitahitaji maji.

Hivyo ndivyo anavyopokewa mgeni wa heshima. Nilikuwa nimemfundisha vizuri.

Kwa ndugu aliyeuliza: pima maji, pima shule, ni haki yako. Ila kabla hujaamua, kaa kimya jioni moja usikilize mtoto wako anamsimulia nani mambo yake. Kama ni wewe, usihame hapo kirahisi.

Na mliowahi kulea kwa mbali, semeni nanyi. Nekesa sasa ana watoto wake, hunipigia kila Jumapili, na simu zetu ni fupi. Nikimuuliza nini ndipo atanisimulia?