Mayai ya Kuyu Yaliniponza

Jamani, kosa ni langu. Watu wa kwetu huku ziwani Burigi wakiulizana kuyu wamekwenda wapi, wapo wanaomlaumu fisi maji, wapo wanaowalaumu viboko, na mume wangu huulaumu hata mwezi. Mimi huinamia chungu changu nikajifanya nakoroga. Leo nimeona nikueleze wewe msomaji, maana hunijui na mimi sikujui.

Mimi ni mzaliwa wa Nyabiyonza, kwenye migomba na mibuni. Samaki tulimwona akiwa amekwisha kauka, kajikunja kichwani kwa mchuuzi. Nikaolewa huku ziwani kabla ya Vita Kuu ya Pili, na mvuvi wa migono, ile mitego ya kusukwa kwa matete. Nitamwita Baba Koku, ingawa binti yetu haitwi Koku. Alikuwa mpole, mcheshi, na alinipenda mno. Hapo ndipo shida ilipoanzia!

Kama humjui kuyu, ni samaki mkubwa wa magamba, mwenye nguvu za kugombana. Mvua za kwanza zikinyesha huliacha ziwa, hupanda kijito na kwenda kutaga. Wavuvi wa hapa walikuwa na desturi yao: mdomo wa mgono ulitazama juu, kule maji yanakotoka. Kuyu anayepanda alipita pembeni salama. Aliyenaswa ni yule anayeteremka, amekwisha taga, tumbo limenywea.

"Anayepanda ana shughuli zake," mama mkwe wangu alinieleza nilipokuwa mgeni. "Huyo hatumgusi."

Nikapata mimba ya Koku. Loo! Kila chakula kilinichukiza. Bitoke, ndizi zetu za kupika, vilininukia vibaya, maharage ndiyo usiseme. Siku moja Baba Koku akaleta kuyu aliyejiingiza mgononi kwa bahati mbaya, tumbo limejaa mayai. Nikayafunga katika jani la mgomba, nikayaweka juu ya chungu cha bitoke mpaka yakaiva kwa mvuke. Ndugu yangu, nililamba mpaka vidole.

Sasa ujue kwamba kwetu mwanamke hakula kuku wala mayai yake. Mchungaji alihubiri kwamba vyakula vyote ni halali, lakini mchungaji hakuwa akiishi nyumba moja na mama mkwe wangu.

"Mawe! Mama wee!" akapiga kelele aliponikuta. "Mke wa mwanangu anakula mayai?"

"Ni ya samaki, Mama."

"Mayai ni mayai."

"Waitu Mama," nikamsihi kwa heshima, "yaliyokatazwa ni ya kuku. Huyu kuyu amewahi kuwika?"

Akasimama akifikiri, mikono kiunoni. Mwishowe akaketi, akanyoosha mkono, akaonja. Yaliyobaki aliyamaliza yeye.

Kuanzia hapo nikamwandama mume wangu.

"Baba Koku, igeuze migono. Midomo itazame ziwani, uwapate wanaopanda."

"Wanaopanda ndio wenye watoto tumboni, mke wangu."

"Na mimi je? Tumboni nina jiwe?"

Maskini mume wangu! Asubuhi akaenda kijitoni akaigeuza yote. Nilifurahi kama nimeshinda kesi barazani! Sikujua nilichokishinda.

Laiti ingeishia kwangu. Lakini mdomo wangu huu! Jumapili baada ya ibada nikawasimulia wenzangu, na wanawake walionyimwa mayai tangu kuzaliwa wakaona mlango uko wazi. Waliokuwa na mimba wakaagiza, wasio na mimba wakajishika tumbo wakaagiza. Kuna bibi mmoja mwenye wajukuu wakubwa naye alidai mimba inamtuma, na mwanawe akamletea, maana nani angebishana naye? Kijito kizima migono ikageuka, kila mdomo unatazama ziwani. Ilikuwa hivyo mwaka baada ya mwaka.

Palikuwa na Bwana mmoja wa serikali, Mzungu, aliyekuja kila msimu na fimbo yake ndefu ya kuvulia. Alivua kwa mchezo tu. Alimvuta kuyu, kuyu akamvuta yeye, na akishampata karibu ambusu, kisha akamrudisha majini! Tulicheka mpaka mbavu zikauma, mtu mzima kuhangaika na samaki asiyemla. Baada ya vita akaja tena, akakaa kutwa juani, pua ikamwiva, asipate hata mmoja. Msimu uliofuata, vilevile. Akamtuma karani wake atuulize sisi tuliokuwa tunateka maji: kuyu wamekwenda wapi?

Nikawahi kujibu, "Mwambie Bwana wamehamia Biharamulo."

Karani akatafsiri. Bwana akatikisa kichwa kwa huzuni, akaanza kufunga vitu vyake. Nyuma yangu mama mkwe akaninong'oneza, "Wamehamia tumboni mwako."

Wenzangu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Lakini njiani mtungi uliniwia mzito, na niliona aibu.

Maana nyumbani nako mambo yalikuwa yamebadilika. Baba Koku alikuwa anarudi na migono mitupu, anaiegemeza ukutani. Akaanza kupalilia kahawa za watu. Mvuvi wa kuyu, ambaye baba yangu alikuwa akijisifu kwa ajili yake Nyabiyonza nzima, sasa ananunua samaki wakavu gulioni kama mimi nilivyokuwa nikinunua utotoni! Hakunilaumu hata siku moja. Alimlaumu fisi maji, na mimi nilimwacha amlaumu.

Mvua zilizopita, Koku alikuja nyumbani kutoka kwa mumewe kijijini Songambele, mimba yake ya kwanza imekomaa. Hata mzigo hajautua.

"Shikamoo Mama. Mama, nataka yale mayai ya kuyu!"

Nani alimfundisha kuyataka? Mimi! Tangu mdogo nilimsimulia jinsi alivyoyala akiwa tumboni. Baba yake akafurahi kama kijana, akaitoa migono ya zamani, akaiziba matundu, akaitega kijitoni. Kwa mazoea akaielekeza midomo ziwani. Kila asubuhi alirudi mikono mitupu na habari mpya za fisi maji.

Asubuhi moja mgongo ulimkaza, nikaenda mimi. Na humo mgononi alikuwamo kuyu. Mmoja tu! Jike, mzima, tumbo limemvimba kama la Koku wangu.

Nikasimama majini, kitenge kimelowa. Nilimfikiria binti yangu anayesubiri. Nilijua kabisa jinsi ambavyo angeyafurahia. Nikamfikiria na huyu, ametoka huko ziwani peke yake, hana hata mwenzake wa kupanda naye. Jamani, nililia, wala sioni haya kusema. Nikafungua mgono kwa nyuma, nikamwelekeza kwenye mkondo, akanipiga mkia akaenda zake. Kisha nikaigeuza migono yote itazame juu, kama nilivyoikuta nilipoolewa.

"Umepata, Mama?" Koku aliniuliza mlangoni.

"Hakuna kitu, mwanangu. Kuna maharage."

Nikashika mwiko niyakoroge, naye akakitazama chungu. Akalishika tumbo lake, akatabasamu kama bibi yake alivyokuwa akitabasamu.

"Kumbe mlikula na yangu," akasema.

Alikuwa anatania tu. Lakini mimi niligeuka kutafuta mwiko uliokuwa mkononi mwangu.

Basi, wanawake wenzangu mnaokaa kando ya maji, nawasihi! Mvua zikianza na waume zenu wakawauliza mnataka samaki yupi, semeni anayeteremka. Mkizidiwa na hamu, tafuneni hata udongo wa kichuguu, itapita. Koku amejifungua msichana, na ninaomba akipata mimba yake amkute kuyu angalau wa kumtazama.

Na kama mtapita kijitoni mkamkuta mzee mmoja mwenye rungu amejibanza kwenye matete, huyo ni Baba Koku. Aliikuta migono yake imegeuzwa, naye anaapa kwamba fisi maji wa siku hizi wana akili kuliko karani. Anamvizia. Tafadhali msimwambie kwamba fisi maji huyo ndiye anayempikia bitoke.