Springi na Mbio Ambazo Hazikupimwa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mlinzi wa uwanja anafungua geti dogo, na mwanamke mfupi mwenye begi refu mgongoni anapita.

"Umelala?" mlinzi anauliza.

"Nimejilaza tu," anajibu, huku akienda kukaa kwenye ngazi ya chini ya jukwaa.

Anakunja suruali, anabonyeza kitufe kidogo ubavuni mwa goti la kulia, kisha anavuta. Mguu wa kutembelea unachomoka na kiatu chake. Anauweka kando kama mtu anayeweka mwavuli. Kilichobaki chini ya goti ni kigutu cha urefu wa shubiri moja, na mwenyewe anakigeuzageuza kwenye mwanga akitafuta wekundu.

"Asubuhi kinakuwa kimevimba, soksi moja inatosha," anasema. "Mchana kinasinyaa, navaa tatu. Nikikosea soksi tu, siku imeharibika."

Kutoka kwenye begi anatoa mguu wa pili, bapa jeusi lililopinda kama mundu, lisilo na kisigino. Anauvaa, anasimama, anarukaruka mara mbili. Kwa sababu ya mguu huo, wenzake kazini wanamwita Springi. Siku hizi hata mumewe anamwita hivyo, akiwa na furaha.

Springi ana miaka thelathini na sita. Anakimbia mita mia moja, na amekuwa akizikimbia kwa miaka kumi na miwili. Lakini mbio hazimlishi. Saa mbili kamili lazima awe kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mbele ya mashine ya kupigia pasi mashuka, na hapo atasimama mpaka saa kumi jioni.

"Watu wanadhani kinachonichosha ni kukimbia," anasema. "Kukimbia ni sekunde kumi na nne. Kinachoniua ni kusimama."

Mguu aliupoteza akiwa na miaka kumi na tisa, kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa, alikokuwa akibeba maji ya kuchanganyia saruji. Ukuta uliinama, kisha ukalala, na yeye akawa chini yake. Siku ya tatu daktari alimwendea mama yake bila kupindisha maneno: ni mguu au ni binti.

"Mama alisaini karatasi huku ananiangalia," Springi anakumbuka. "Akaniambia, 'Mwanangu, utanichukia baadaye, kwa sasa baki hai.'"

Hakumchukia. Alikaa ndani mwaka mzima, kisha hospitali ileile iliyomtibu ikampa kazi ya kufua.

Kukimbia kulianza na toroli. Siku moja toroli lililojaa mashuka lilimponyoka kwenye mteremko wa ukumbi, likaanza kushuka lenyewe kuelekea kwa mzee aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu. Springi alilifukuza na mguu wake wa kutembelea, akalidaka hatua mbili kabla halijamfikia. Mzee yule aliendelea kunywa chai yake, hana habari.

Aliyekuwa na habari ni mwalimu wa michezo mstaafu, aliyekuja kumwona dada yake wodini.

"Nilisikia mlio sakafuni, ta-ku, ta-ku, ta-ku, haupotezi mdundo," anasema Mwalimu, ambaye mpaka leo ndiye kocha wake. "Nikamuuliza, 'Mwanangu, unakimbilia timu gani?' Akanijibu, 'Timu ya mashuka.'"

Mguu wa kukimbilia ulikuja miaka mitatu baadaye, umeshatumika, kutoka kwa wageni waliopita na kugawa vifaa. Fundi wa viungo bandia wa hospitali aliuchonga upya sehemu ya kuingizia kigutu. Zaidi ya hapo hakuweza.

"Huu ulitengenezwa kwa mtu wa kilo themanini," anasema fundi. "Dada huyu ana kilo hamsini na mbili. Haumrushi inavyotakiwa, unamrudishia kishindo. Ngozi yake ndiyo inayolipa."

Hata hivyo amekuwa bingwa wa taifa mara tano. Ukimpa hongera kwa hilo, anatikisa kichwa kidogo na kubadilisha mazungumzo. Anachotaka kueleza ni mbio moja ya miaka miwili iliyopita.

Yalikuwa mashindano ya kuchagua timu ya kwenda nje. Mwenye miguu kama yake alitakiwa kukimbia chini ya sekunde kumi na nne nukta nne. Mbio zao ziliwekwa saa tisa alasiri. Saa saba, wakati watu wanakula, msimamizi akaja mbio: mgeni rasmi ana haraka, walemavu wakimbie sasa hivi.

"Hata kupasha misuli hatukumaliza," anasema. "Bunduki ikalia. Na siku hiyo, sijui nikwambieje, mguu ulinikubali. Sikuusikia kabisa. Nilikimbia kama msichana niliyekuwa kabla ya ukuta."

Alishinda kwa mbali. Alipoinua macho kuangalia ubao wa muda, ubao ulikuwa mweusi. Mtambo wa kupimia ulikuwa umezimwa. Wahusika walikuwa wanakula.

"Msimamizi akanipigia makofi. 'Hongera sana mama, umetutia moyo!' Nikamuuliza, 'Muda wangu uko wapi?' Akasema, 'Si umeshinda lakini?'"

Saa ya mkononi ya Mwalimu ilionyesha kumi na nne nukta moja. Saa ya mkononi haitambuliwi. Wakamwambia kama anataka muda, arudie baada ya saa moja.

Mwalimu alimkataza. Kigutu kilikuwa kimeshachubuka na soksi ina damu.

"Nilimwambia, 'Twende nyumbani, binti yangu,'" anasema Mwalimu, na sauti yake inashuka. "Akavaa soksi nyingine juu ya ile."

Alirudia peke yake, njia saba zikiwa tupu. Sekunde kumi na tano nukta sifuri mbili. Hiyo ndiyo iliyoandikwa. Timu ikasafiri bila yeye, na kidonda kikamweka kwenye magongo miezi miwili.

Jioni ya siku ya mbio, alipovua mguu na kulala kwenye kochi, mumewe, fundi seremala asiye na maneno mengi, alimkanda mgongo na kumuuliza, "Hivi wewe hutachoka?"

"Nimeshachoka," Springi akamjibu. "Kwani nani alikwambia sijachoka?"

 Kesho yake mumewe ndiye aliyeamka kuchemsha maji ya kuoshea kidonda.

Mwezi uliopita, mwanaume mmoja alifika kwenye dirisha la chumba cha kufulia kuomba shuka safi la mama yake aliyelazwa. Springi alimpa. Mwanaume hakuondoka. Aliangalia mguu, akaangalia uso.

"Samahani dada. Wewe si yule mkimbiaji? Mimi ndiye ninayeendesha mtambo wa muda pale uwanjani."

Springi anasema alihisi masikio yanawaka moto. Kwa miaka miwili alikuwa amepanga maneno ya kumwambia mtu huyo, na mengine hayaandikiki gazetini.

"Hatukuambiwa kama ratiba imebadilika," mwanaume akasema. "Nilisikia bunduki nikiwa na sahani mkononi. Nilikimbia, nikakuta umeshafika. Nilikuona unaangalia ubao."

"Ukafanya nini?"

"Nikajificha nyuma ya mtambo."

Springi alimtazama. Mkononi alikuwa na shuka la mama mgonjwa, na mwenyewe alionekana hajalala siku kadhaa. Akamwongezea foronya.

"Mwezi ujao mna mbio tena," mwanaume akasema. "Nakuahidi dada, safari hii..."

"Usiniahidi. Wewe kaa kwenye kiti chako tu."

Mbio hizo zimebaki wiki tatu. Fundi amemwambia wazi kwamba ngozi itavumilia msimu huu, baada ya hapo hajui. Mwalimu anakiri kuwa mazoezini Springi hajashuka chini ya kumi na nne nukta saba tangu mwaka uanze. Kwa hiyo timu hataingia. Yeye mwenyewe anajua.

Basi anakimbilia nini?

Amemaliza mizunguko yake sita. Jasho limejaa ndani ya mguu wa kukimbilia. Anauchomoa na kumwaga maji chini kama mtu anayemwaga kikombe. Zimebaki dakika arobaini aingie kazini.

"Ikiwa kumi na tano, iandikwe kumi na tano. Ikiwa kumi na sita, nayo iandikwe," anasema, akifunga kitufe cha mguu wa kutembelea. "Mimi nataka nifike, niinue macho, nikute namba. Nikishaiona, nitakaa palepale chini nipumzike, na mtu yeyote asiniinue."