Chemchemi ya Kasha na Bidoni za Kilio

Mimi ni mwalimu wa kemia, tena nina mdomo. Mume wangu husema vitu hivyo viwili havifai kukaa katika nyumba moja, lakini yeye ndiye aliyenitoa kwa wazazi wangu Muhumba akanileta Kasha, basi avumilie.

Hapa Kasha tunakunywa maji ya chemchemi iliyo chini ya mteremko, kwa sababu bomba letu hutoa hewa kuliko maji. Juu ya chemchemi anaishi fundi wa batri na mkewe na watoto wao. Anachaji batri za magari, nyingine anazipasua azitengeneze upya. Msimu mmoja wa mvua watu wakaanza kuugua: kichwa kinauma, macho yanatoa machozi, mate yanajaa mdomoni, tumbo linakata. Wakachemsha maji. Wakatia klorini. Ugonjwa ukabaki palepale.

Basi kila mtu akainua macho kwa fundi. Asidi yake inatushukia, walisema, na lisemwalo lipo. Mkewe akafukuzwa kwenye foleni ya chemchemi, akawa anashuka hadi ziwani kuchota. Kisha mkutano wa avenyu, yaani wa mtaa wetu, ukaamua kwamba Jumamosi, siku ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, majembe tunayosafishia mitaro yataibomoa karakana yake pamoja na nyumba.

Nilisimama mkutanoni, nikauliza ni nani aliyepima maji hayo. Hakuna. Kiongozi wa wamaman, akina mama wa shirika letu la kanisa, mwanamke ambaye hata padri humngoja amalize kusema, akaniuliza kama nataka mtu afe tukingoja vipimo. Swali lilikuwa la haki, likanichoma. Nikaomba tupewe muda hadi Jumamosi, na nikaomba yeye mwenyewe afuatane nami. Nilijua kwamba asiposadiki yeye, Kasha nzima haitasadiki.

Nikawapa wamaman maswali matatu ninayowapa wanafunzi wangu: sumu iko wapi, inapita njia gani, inamfikia nani. Kwa fundi sumu ilikuwepo, na sikumtetea. Nilimgombeza mbele ya mkewe kwa kumwaga asidi ardhini. Iliyokosekana ni njia. Tulisimama uani kwake mvua ikitunyeshea, tukatazama maji yakikimbilia upande wa pili wa kilima, mbali na chemchemi. Hata hivyo maji hupita pia chini ya ardhi, kwa hiyo tulipeleka chupa ya maji ya chemchemi maabara mjini. Jibu likarudi: hakuna asidi, hakuna madini ya risasi. Nikalisoma kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Kiongozi wa wamaman akasema karatasi haiponyi tumbo.

Likabaki swali la nani. Tukapita nyumba kwa nyumba. Waliokaa karibu kabisa na chemchemi walikuwa wazima. Watoto wa fundi, waliokunywa hapo hadi walipofukuzwa, walikuwa wazima. Wagonjwa walikuwa katika nyumba zilizofiwa kabla ugonjwa haujaingia humo, na kwa majirani waliokula na kunywa humo.

Kwetu, mtu akifa, shirika huazimisha bidoni zake, madumu ya plastiki, ili nyumba ya kilio ijae maji kabla waombolezaji hawajafika. Kilio kikiisha, hakuna anayethubutu kuzidai haraka. Kumdai mfiwa ni aibu. Basi bidoni hubaki pale, na watu huendelea kuzinywea. Katika kila nyumba iliyofiwa nilizikuta, nyeupe, zimesuguliwa kwa mchanga na sabuni hadi zinang'aa.

Nikamuuliza kiongozi zilitoka wapi. Akajibu kwa fahari kwamba ni yeye aliyezileta mwanzoni mwa mvua hizo kutoka Luvungi, kwa wakulima wa nyanya. Nikamuuliza wakulima waliweka nini ndani yake. Akasema dawa ya wadudu, lakini wamaman waliziosha vizuri. Nikamweleza kwamba plastiki hunywa dawa na kuitema polepole, na kwamba kuchemsha na klorini huua vijidudu tu, sumu ya namna hii haviiwezi.

Hakusadiki. Basi nikatoa viluwiluwi vya mbu katika tairi kuukuu, nikavigawa katika mitungi miwili ya kioo: mmoja wa maji yaliyotoka moja kwa moja kwenye chemchemi, mwingine wa maji hayohayo yaliyolala ndani ya bidoni ya shirika. Aliketi mbele ya mitungi mchana kutwa asije mwalimu akamchezea. Jioni viluwiluwi vya chemchemi vilikuwa vinacheza, na vya bidoni vimelala chini, vimekufa. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilitaka kuruka kwa furaha, lakini nilipomtazama usoni nikajizuia.

Jumamosi majembe yalifika kwa fundi. Alikuwa mlangoni, vyombo vyake vimeshafungwa. Kiongozi wa wamaman akapita katikati ya watu na mitungi yake miwili, wenzake nyuma wamebeba bidoni.

"Njo miye nilileta hizi bidoni," alisema, akimwonyesha fundi. "Sumu ilitokea kwangu. Huyu papa hana kosa."

Niliogopa watamgeukia yeye. Lakini shefu wa avenyu, aliyekuwa ameugua kuliko wengi, akaomba panga, akaanza kuzipasua bidoni moja baada ya nyingine ili asizitumie mtu tena. Kelele ya kazi ikarudi. Majembe yakashuka kusafisha mitaro, na fundi, ambaye nilikuwa nimemlazimisha akubali pipa la kukusanyia asidi, akachukua jembe lake akajiunga nao. Nilijisikia mkubwa siku ile, nakiri, na sioni haya.

Tulipofika chemchemini foleni ilikuwa ndefu. Mke wa fundi akapita pembeni, bidoni kichwani, macho chini, anaelekea ziwani kama alivyozoea. Kiongozi wa wamaman, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akamwita.

"Maman, unaenda wapi? Kuya uchote. Anza wewe."

Akasita, akatutazama mmoja mmoja. Foleni nzima ikarudi nyuma kumpisha, naye akatua bidoni yake, akakinga maji kwa kiganja, akanywa kwanza.