Bega la Mbuzi la Ndegwa

Mwihaki wa mtaa wa Satellite, Nairobi, hajawahi kuiona bahari, lakini kuna meli moja ya watalii anayoichukia kama mke mwenza. Ndegwa, mchumba wake, ni mpishi humo. Injini ilikufa wakiwa mbali na nchi kavu. Abiria walichukuliwa, wakapandishwa ndege, wakaenda zao. Wapishi na wafagiaji wakaachwa kuilinda, eti kwa muda tu.

Tangu hapo, kila akitoka River Road anakoshona sare za shule, Mwihaki hupanda ngazi hadi ofisi ya wakala aliyempeleka Ndegwa kazini. Karani humpa kiti na tabasamu.

"Madam, kampuni imesema wiki hii wanashuka. Wewe panga mambo yako."

Akapanga. Hakuwa mjinga, alikuwa na hamu.

Ndiyo maana ngurario, siku ya kuifunga ndoa kimila, haikuahirishwa. Mbuzi walichinjwa, hema likasimama, wageni wakajaa, hata wale wa mtaa jirani wa Kabiria ambao hakuna aliyekumbuka kuwaalika. Aliyekosekana ni bwana arusi. Na kwa Wakikuyu ndoa hukamilika pale mwanamume anapomkatia mke wake bega la mbuzi mbele ya wazee. Bega lilikuwa mezani, limeshaiva, na kisu kando yake.

"Si Karanja akate tu?" shangazi mmoja akasema. "Si ni ndugu yake?"

Karanja, mdogo wake Ndegwa, alishakishika kisu. Njaa ilikuwa imemzidi akili.

"Weka chini," baba yake Mwihaki akamwambia. "Ukikata, umeoa wewe."

Watu wakacheka. Mwihaki hakucheka. Alimtazama Karanja, sura ile ile, hata kusimama ni kule kule, akamtamani Ndegwa mpaka kifua kikamuuma. Akalifunga lile bega, akaenda kuliweka kwenye friji ya bucha ya jirani.

Jioni Ndegwa alipata mtandao, akapiga simu. Hawajui watashuka lini, alisema, ila kampuni imeomba radhi. Meli ikitengenezwa, watampa safari ya bure, yeye na mke wake.

"Mke gani?" Mwihaki akauliza.

Kule melini zilisikika sufuria zikioshwa.

"Uliniwekea nyama yangu?" Ndegwa akauliza polepole.

"Iko kwa friji. Hiyo inaweza kukaa hata mwaka," Mwihaki akasema. "Ni mimi siwezi, Ndegwa."