Hodi Tatu na Waya Chini ya Kanzu

Mie nimesoma mpaka darasa la tatu na sioni haya kulisema. Nyumba ninayokaa hapa Temeke imesimama kwa tofali nilizofyatua kwa mikono yangu, na watoto wanne wamesomeshwa na tofali hizo hizo. Kwa hiyo habari ya vitu vya bei rahisi mtu asinifundishe. Nimevinunua maisha yangu yote.

Hedifoni nilianza kuvaa kwa sababu ya mke wangu. Mie mpira wa redioni siuachi, na yeye alichoka. "Baba watoto," akaniambia, "redio yako inasikika mpaka kwa jirani, na jirani mwenyewe ana yake." Siku ya pili akarudi kutoka sokoni na hedifoni za kuchomeka masikioni, kazinunua kwa machinga, elfu mbili. Nikazichomeka kwenye simu, nyumba ikatulia.

Haikupita miezi miwili upande wa kushoto ukafa. Sikuzitupa. Mie situpagi kitu ambacho nusu yake inafanya kazi. Mwaka mzima nikawa nasikiliza mpira kwa sikio la kulia na nyumba kwa sikio la kushoto: muuza samaki akipita, mke wangu akiniita, mtu akibisha hodi. Waya ulipoanza kuchanika karibu na simu niliuzungushia tepu ya umeme, ukaendelea.

Kosa langu lilikuwa kujiona nimekuwa mtu wa kutumia kitu kizima. Nikaenda mwenyewe kwa yule machinga. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia, akatoa zenye vipira laini. "Mzee wangu, hizi zinaziba. Ukivaa hata bomu hulisikii." Nikamlipa elfu tano, nikaondoka kifua mbele. Zile za zamani nikazitia kwenye kopo la misumari.

Sasa nieleze habari ya binti yangu wa mwisho, maana ndiye ambaye hedifoni hizo zilitaka kumponza.

Ni mwalimu wa shule ya msingi. Miaka mitatu nyuma alikuja mshenga kumposea mtu mwingine, na mie nikamwambia mshenga yule, kahawa yake haijapoa, kwamba kijana wake hana kazi na arudi nayo posa yake. Sikukosea. Lakini binti alikaa mwezi ananisalimia tu, na mtaa mzima ukajua kwamba mlango ule una mzee mkali. Tangu hapo hakuna aliyekuja.

Safari hii mwanamume alimpata mwenyewe, fundi wa mafriji wa Kibamba. Nilimchunguza kimyakimya, nikaona anafaa. Sikumwambia mtu. Mie jambo silisemi kabla ya wakati wake. Binti alichoniambia ni hiki tu: "Baba, mshenga anakuja Jumapili. Safari hii nakuomba usiseme neno mpaka amalize." Nikamwambia sawa.

Mshenga akaja Jumamosi. Alikuwa mjomba wa yule fundi, mzee mwenye duka huko Kibamba, na alitaka auone mlango kwanza kabla ya kuleta barua, kama wazee wa zamani wanavyofanya. Mke wangu alikuwa msibani Tandika. Binti alikuwa shuleni anafundisha masomo ya ziada. Nyumbani nilikuwa peke yangu, nimekaa barazani baada ya swala ya alasiri, na kanzu na kofia iliyoshuka mpaka masikioni, macho nimefumba. Waya nilikuwa nimeupitisha ndani ya kanzu kwa sababu nje unanasa kwenye msumari wa kiti. Simu iko mfukoni. Mtu akiniangalia anaona mzee amekaa, basi.

Timu yangu ikapata penalti. Mpigaji akapaisha juu ya goli. Nikatikisa kichwa, nikatikisa tena, nafikiri nilikitikisa muda mrefu, maana ile penalti ilikuwa ya bure.

Yaliyotokea getini siyajui. Niliambiwa.

Jioni binti aliingia chumbani akakaa kwenye mkeka. Hakulia. Aliniuliza, "Baba, kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Mshenga kapiga simu kwao. Kasema kabisha hodi mara tatu, ukamtikisia kichwa bila hata kufumbua macho. Kasema hajawahi kukataliwa vile, na kule hawarudi tena."

Nikatoa hedifoni mfukoni nikamwonyesha. Akaziangalia, akaniangalia mie. "Nani ataamini hiyo, baba? Baada ya yule wa kwanza?"

Alikuwa na haki. Hata mke wangu aliporudi aliniuliza mara mbili kama kweli sikusikia.

Kaka yangu tukampigia simu. Akasema tutume mtu, ila mie mwenyewe nisithubutu kwenda, maana mwenye binti hamfuati mshenga. Akimfuata, anaonekana anamtembeza mtoto wake. Najua mila hiyo kuliko yeye. Lakini mtu wa kutumwa angeanza kueleza mie ni mtu wa namna gani, na mie sijawahi kutuma mtu kwenye jambo nililoliharibu mwenyewe.

Asubuhi ya Jumapili nikaenda Kibamba. Duka nilionyeshwa. Nikasimama nje, nikabisha hodi, nikangoja. Nikabisha ya pili. Mzee alikuwa anapima sukari, aliniona vizuri kabisa. Nikabisha ya tatu ndipo akasema karibu, bila kuinua macho.

"Jana nilipiga tatu," akasema. "Sheria ni tatu, mtu anaondoka."

"Ungenigusa bega."

"Nikuguse bega barazani kwako, na wewe unanitikisia kichwa? Mie sina adabu?"

Nikamweleza habari ya penalti na ya hedifoni zangu za elfu tano. Mama mmoja aliyekuja kununua sukari akacheka. Mzee hakucheka. Akasema, "Mzee mwenzangu, kidude cha elfu tano kikuzibe usisikie sauti yangu? Mie huwa naadhini msikitini."

Sikubishana. Nikazichomeka kwenye simu, nikamtafutia taarabu ya zamani, nikampa. Akavua kofia, akazivaa kwa shida, akakaa. Baada ya muda kidogo akaanza kutikisa kichwa taratibu, macho kayafumba.

Nikasimama mbele yake nikasema kwa sauti yangu ya kuitia watu wa tofali: "Posa yenu nimeikubali." Akaendelea kutikisa kichwa. Nikasema mara ya pili. Mama wa sukari kashika mdomo. Nikasema mara ya tatu, mpaka fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara akageuka kutuangalia.

Mzee akafumbua macho, akaona watu wanamtazama, akazitoa masikioni.

"Mmesema nini?"

"Mie nimesema," nikamjibu. "Mara tatu. Na wewe umenitikisia kichwa."

Akamgeukia yule mama. Mama akamwambia, "Kweli babu, kakubali posa, na wewe ukakataa."

Mzee akazikunja zile hedifoni, akazitia mfuko wa shati lake, sio wangu. Akaniagizia kahawa. "Barua naleta leo leo baada ya alasiri," akasema. "Na nikikukuta umeziba masikio, naondoka."

"Utanikutaje nimeziba? Umezichukua."

Nilirudi nyumbani nikamwambia binti avae vizuri. Halafu nikalifungua kopo la misumari, nikatoa zile za zamani, nikaiangalia tepu kama bado imeshika. Siku hiyo kulikuwa na mpira pia. Mzee alipofika getini, hodi ya kwanza nikaitikia kwa sikio la kushoto.