Wageni wa Jua na Makumbi ya Bibi

Harufu ya makumbi yaliyokaa baharini hainichefui, nalisema hili mapema. Juzi nilikuwa pwani ya Bwejuu, mtoto mkononi, nikamsikia bwana mmoja mwenye hoteli akiwaambia wanawake waache kufukia makumbi ufukweni, eti wageni wanaziba pua. Nikapita zangu. Si kwa adabu, kwa hasira. Ningefungua mdomo pale ningemtukana. Lakini upepo ulipoleta ile harufu nzito ya tope na nazi, hasira ikanigeukia mwenyewe. Sasa nakuelezeni kwa nini.

Makumbi ni yale maganda ya nazi yenye nyuzi. Bibi yangu, Bi Mize, alikuwa akingoja maji yapwe, anachimba shimo, anayafukia, anapanga mawe juu, kisha anayaacha miezi na miezi mpaka yalainike. Baadaye huyatoa, huyapiga kwa gongo, akasokota kamba. Kila mwanamke alikuwa na shimo lake na mawe yake, na hapana aliyegusa jiwe la mwenziwe. Mwaka ninaousimulia, miaka ishirini na tano hivi baada ya Mapinduzi, nilikuwa na miaka saba. Mama alikuwa na mimba pevu, amekuja kutoka mjini kujifungulia kwa mama yake. Kitanda chake cha uzazi kilisimama ukumbini mbao tupu. Kilikuwa kinangoja kuwambwa kwa kamba za makumbi ya shimo la Bibi.

Asubuhi moja ikaja gari na wazungu wanne, na kijana wa mjini mwenye miwani meusi ambaye kazi yake ilikuwa kuwatembeza. Alitupita bila hata shikamoo. Mjini wageni wake walikwisha kuoneshwa majumba ya mawe na milango ya nakshi, shamba wakaoneshwa mikarafuu. Kwetu waliletwa kuoneshwa jua. Jua! Sisi tulilikimbia chini ya makuti, wao wakatandika mataulo katikati yake, wakalala chali, karibu uchi.

"Mize we, hawa wameanikwa?" akauliza jirani yetu, Bi Tatu.

"Waache wakauke."

"Yule wa pembeni mgeuze basi, upande huo umeshaiva!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega, kisha wakarudi nyumbani kupiga makumbi ya Bi Tatu. Mimi nikabaki, maana mwanamke mmoja alikuwa anatoka majini na kioo usoni, kioo cha duara chenye ukingo wa mpira. Aliniona nimemkodolea macho. Akaniita kwa mkono, akakivua, akanivisha mimi.

Maji yalinifika magotini. Nikainama.

Wallahi, mpaka leo sijui niseme nini. Bahari ile nilikuwa naikanyaga kila siku, na kila siku nilidhani ni maji na mchanga. Kumbe chini kuna mji. Majani yalikuwa yanalala upande mmoja, kisha yote kwa pamoja yanalala upande wa pili, kama watu walio katika sala. Samaki wa buluu, wadogo kama kucha yangu, walisimama hewani. Naam, hewani, maana maji yenyewe hayakuonekana. Kiti cha pweza chekundu, yule mdudu wa umbo la nyota, kilikuwa kinatembea, taratibu mno, kama mtu asiyetaka kuamsha nyumba. Niliinua kichwa nikavuta pumzi, nikarudi. Nikainua, nikarudi. Niliogopa nikichelewa watakuwa wameondoka.

"We mtoto! Mawe haya ya mtu?"

Alikuwa yule kijana. Alitaka mafiga ya kuchomea samaki wa wageni wake. Nilimtazama kupitia kioo kilichorowa. Mtoto wa miaka saba wa Bwejuu anayajua mawe ya bibi yake kama anavyojua mlango wa kwao. Lakini kusema ni ya Bibi maana yake nivue kioo, nitoke, nikamwite.

"Si ya mtu," nikasema, nikainama tena.

Maji makuu ya bamvua yalipojaa yalilikuta shimo limefunuka. Mawimbi yakachota makumbi, yakayatawanya. Bi Tatu ndiye aliyeona kwanza. "Makumbi ya Mize yanakwenda!" Wanawake wakatoka mbio wakaingia baharini na kanga zao. Mama naye akaingia na tumbo lake, mpaka Bibi akamfokea, "Toka, Zuhura! Unataka kuzalia humu?" Yule kijana aliwaambia wageni wake neno, huku akicheka. Sijui aliwaambia nini, lakini hakusema kuwa ni hasara, kwa sababu walipiga picha na makofi.

Yaliyookolewa hayakutosha hata upande mmoja wa kitanda.

Alasiri Bibi akaniita.

"Riziki!"

"Naam, Bibi."

Alikuwa ameketi chini, anafumua kamba za kitanda chake mwenyewe. "Shika ncha hii." Nikashika. "Haya, nambie. Ulipovishwa kile kioo, uliona nini?"

Nikamweleza yote. Akawa anaitikia, "Ehee?" Akaniuliza, "Na pweza je, humo shimoni mwake anakaa vipi?" Yeye aliyewachokoa pweza maisha yake yote kutoka juu. Nilipomaliza, kitanda cha mama kilikuwa kimewambwa, chake kimebaki mbao. Nikajiona nimesalimika, hadithi yangu imemsahaulisha.

Mwaka huu nimelala arubaini yangu mwenyewe ya uzazi, mgongo unaniuma kama umepigwa gongo, ndipo nikapata akili ya kumuuliza mama: Bibi alilalia nini wakati ule?

"Mkeka. Sakafuni, mpaka makumbi mengine yalipokuwa tayari."

"Na hakujua ni mimi?"

Mama akanitazama kama mtu aliyeulizwa upuuzi. "Yule kijana alimwambia pale pale, bibi yako yumo majini mpaka kifuani: yule mtoto mwenye kioo kasema si ya mtu."

Basi alijua. Alikuwa ameshika ile kamba, anajua, na alitaka kusikia habari za pweza.